Malalamiko kuhusu kijitabu chenu cha risasi nyepesi kwa bunduki za zamani

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MAELEKEZO YA HATARI KUHUSU KUPUNGUZA BARUTI

Tunalalamikia kijitabu mnachokifungasha pamoja na kopo la baruti, hasa sehemu ya risasi nyepesi, yaani zilizopunguzwa baruti, kwa bunduki za zamani zinazojikoki zenyewe. Yako makosa kadhaa, ila moja haliwezi kusubiri toleo jipya. Mmeandika kwamba bunduki ikishindwa kutema ganda, mpigaji avute mkono wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na kuendelea kufyatua.

Kwenye M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, risasi dhaifu iliyoshindwa kusukuma bolti na risasi ambayo kichwa chake kimekwama mtutuni hazina tofauti kwa aliyeshika bunduki. Zote mbili hutoa mlio hafifu na kuacha ganda kwenye chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Atakayewafuata atavuta mkono, risasi inayofuata itapanda yenyewe kutoka kwenye klipu (kibanio cha risasi 8), naye ataifyatua mtutu ukiwa umeziba. Hapo mtutu huvimba au kupasuka. Kilichopaswa kuandikwa ni hiki: kidole kitoke kwenye kifyatulio, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30, maana huenda fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, imechelewa kuwasha baruti. Kisha bolti ivutwe nyuma na kushikiliwa hapo, kitufe cha klipu upande wa kushoto kibonyezwe, klipu nzima itoke. Mwisho ufito wa kusafishia upitishwe kutoka mdomoni hadi ncha yake ionekane kwenye chemba. Usipofika, shughuli ya siku hiyo imekwisha.

Jedwali lenu nalo linataja kasi ya risasi peke yake. Garand huchota gesi kwenye tundu dogo karibu na mdomo, kwa hiyo kinachoikoki ni shinikizo lililosalia hapo risasi inapopita. Baruti mbili zinaweza kutoa kasi ileile. Ile inayoungua upesi ikawa imeshapoa nguvu kabla ya tundu, ile ya polepole ikafika bado na nguvu ya kupinda fimbo ya kuendeshea bolti. Risasi ya kijeshi ya M2 yenye kichwa cha greni 150 (takriban gramu 9.7) hutoka kwa takriban futi 2,740 kwa sekunde, na bunduki ilisanifiwa kwa shinikizo la aina hiyo. Jedwali lililopimwa kwa mtutu wa majaribio usio na tundu la gesi halimsaidii mwenye Garand.

Halafu mmeazima kanuni ya kushuka hadi 60% ya kiwango cha juu cha baruti. Kanuni hiyo hutolewa kwa H4895, aina moja ya baruti. Ninyi mmeitandaza kwa baruti zenu zote, hata zile za polepole, ambazo zikipunguzwa mno huwaka ovyo na kuweza kurusha shinikizo juu badala ya kulishusha. Na hata kwa H4895, hakuna aliyeahidi kwamba kwa 60% bunduki itajikoki.

Utaratibu wenu wa kujaribu una kasoro nyingine. Mnaelekeza risasi moja moja, huku mdomo ukiinuliwa kwanza ili baruti ikae karibu na fataki. Kwa bunduki hii, bolti huibamiza risasi ya pili kwenye chemba, na baruti isiyojaza ganda hurukia mbele kwenye kichwa. Kasi ya risasi hiyo huwa chini ya ile mliyoipima. Jaribio la maana hushuka nusu greni kwa hatua, huanza na risasi 2 kwenye klipu, kisha 8 kamili, kwa kuwa klipu iliyojaa ndiyo huikaba bolti zaidi. Dalili za risasi kuwa dhaifu mno zisomwe kwa zamu: klipu kutoruka baada ya risasi ya mwisho, bolti kupita bila kubeba risasi, ganda kusimama wima mlangoni. Ukiona ya kwanza, rudi juu hatua moja.

Tulipolalamika awali, ofisi yenu ilijibu kwamba bunduki itakuwa imechakaa. Ilipimwa. Pistoni, sehemu inayosukumwa na gesi, ina kipenyo cha inchi 0.526, wakati kikomo cha kuitupa ni chini ya 0.525, springi ina urefu wa zaidi ya inchi 19, grisi ipo. (Ushauri wa kupima sehemu hizo ungefaa sana kwenye kijitabu, ambako haumo.)

Tunadai mambo matatu ndani ya siku 14: tangazo kwa wanunuzi wote la kufuta sentensi ya kuendelea kufyatua, kiwango cha chini kwa kila baruti, kwa maandishi, pamoja na majina ya zile zisizofaa kupunguzwa kabisa, na kurejeshewa fedha za makopo yaliyonunuliwa kwa kutegemea jedwali hilo. Risiti na namba za toleo zimeambatishwa.

Wenu,
Wajazaji wa risasi, klabu ya walenga shabaha