Barua kwa Byaruhanga kuhusu Asidi na Fuwele za Protini

Kampala

Mpendwa Byaruhanga,

Barua yako kutoka Mbarara imenifikia, nami nashukuru kusikia kwamba nyumbani hamjambo. Umeniuliza iweje maumbo mawili ya protini moja, yote yakiwa yamepimwa kwa eksirei, yasifanane. Kabla ya kumshuku mpimaji, tazama kwanza kila fuwele iliyopigwa eksirei ilikua katika pH gani, yaani kiwango gani cha uasidi.

Ninyi watu wa maziwa mnalijua jambo hili. Maziwa yanapochacha hadi pH ya 4.6 hivi, chaji chanya na hasi za kaseini, protini kuu ya maziwa, hulingana, chembe zake huacha kusukumana, nayo yakaganda. Hata hivyo, usidhani kwamba fuwele za protini hukua pale tu chaji zinapolingana: lisozimu, protini ya ute wa yai la kuku, ambayo chaji zake hulingana karibu na pH 11, hutoa fuwele nzuri katika pH ya 4.5 hivi, mradi pawepo chumvi ya kutosha kuzifunika chaji hizo.

Mara nyingi tofauti ya umbo inayoletwa na pH ni ndogo. Histidini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, hupokea protoni (kiini cha haidrojeni) karibu na pH 6, na kitanzi kimoja cha mnyororo wa protini kikasogea. Lakini hemaglutinini, protini iliyo juu ya virusi vya mafua, hubadilika kabisa. Umbo lake la kawaida lilichapishwa mwaka 1981. Mwaka 1994 likachapishwa umbo la kipande chake kilichokwisha kupitishwa kwenye asidi, na sehemu iliyokuwa kitanzi ikaonekana imejisokota kuwa mhimili mrefu. Yote mawili ni ya kweli, kwa kuwa kirusi hukutana na asidi hiyo ndani ya seli anayoiambukiza.

Kinachonikera mimi ni kwamba pH inayoandikwa kwenye kumbukumbu za maumbo mara nyingi ni ya bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH, wala si ya tone lenyewe ambamo fuwele hukua. Niliwahi kupima bafa ya Tris ikiwa 8.0 kwenye nyuzi 25, nikaiweka kwenye friji ya nyuzi 4 bila kukumbuka kwamba humo hupanda hadi karibu 8.6, wiki nzima ilipotea. Na kwa kuwa eksirei ni nadra kuonyesha haidrojeni, anayechora protoni za histidini huzikisia kutokana na nambari hiyohiyo ya pH.

Basi niandikie pH na halijoto ya fuwele zako zote mbili, na bafa iliyotumika, tuzilinganishe.

Nduguyo,
Opio