Jumamosi tunakwenda Harlem kwa Langston Hughes

Habari zenu ndugu zangu,

Kuna mabadiliko: Jumamosi hii hatukutani nyumbani kwangu. Tunamfuata mshairi wetu, Mmarekani mweusi Langston Hughes, kwake Harlem, New York.

1. Saa 5 kamili asubuhi, mlangoni mwa Schomburg Center (maktaba ya utafiti wa historia na utamaduni wa watu weusi), kona ya mtaa wa 135 na Malcolm X Boulevard. Treni namba 2 na 3 zinashusha hapo hapo.
2. Mchango wa chakula cha mchana dola 15, watoto bure. Naomba unifikie kabla ya Alhamisi usiku.
3. Baada ya kula tutatembea hadi mtaa wa 127, kwenye nyumba alimoishi hadi alipofariki mwaka 1967. Tutaiona kwa nje. Vaeni viatu vya kutembelea.

Mkiingia Schomburg, angalieni chini. Sakafuni pana duara kubwa lenye mistari ya mito, na majivu ya mwili wa Hughes yamezikwa chini ya duara hilo. Lile shairi lake la mito, linalotaja Kongo na Naili, aliliandika mwaka 1920 ndani ya treni, nyuma ya bahasha, akiwa bado kijana mdogo. Kila nikisimama pale machozi hunilenga.

Mwalimu, nakuomba wewe: mwaka 1962 Hughes alifika Makerere kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Tafadhali tuandalie dakika 10 juu ya hilo.

Nani anakuja? Jibuni hapa "nipo" na idadi ya watu. Wenye gari mniambie pia, Bibi anahitaji kuchukuliwa nyumbani.