Kabla Hujauliza Mita Moja ya Kisima ni Pesa Ngapi

Simu nyingi tunazopokea huanza na swali hilohilo: "Mnachimba mita moja kwa ngapi?" Tunaelewa linakotoka. Mwenye ploti ya Utawala au Kasarani hapa Nairobi amechoka na mgao, boza, yaani lori la maji, hupanda bei kiangazi kikianza tu, na wapangaji wanamsumbua keyateka, mwangalizi wa nyumba, kila asubuhi. Ameshapata bei kwa wachimbaji watatu, sasa anatafuta iliyo chini kabisa. Shida ni kwamba bei ya mita ni bei ya kutoboa shimo tu. Ili shimo hilo liwe kisima kuna kazi nyingine nyingi, na hizo ndizo huachwa nje ya karatasi ya bei ili ionekane nafuu.

Chukua kesingi, yaani mabomba ya chuma yanayoshushwa ndani ili kuta zisiporomoke. Mmoja amekuhesabia kesingi kutoka juu hadi chini, nyingine nzima na nyingine zenye matundu pale maji yanapoingilia, pamoja na kokoto za kuchuja mchanga pembeni. Mwenzake amehesabu mita chache za juu na kukuambia kwamba mwamba utajishikilia wenyewe. Bei yao ya mita yaweza kuwa sawa, ilhali kisima cha huyu wa pili kikianza kubomoka ndani, pampu hunaswa na mchanga hupanda na maji. Mwombe kila mmoja aandike kipenyo cha shimo, mita za kesingi na unene wake, kokoto, kusafisha kisima kwa hewa ya kompresa, kupima uwezo wake kwa pampu, na kupima maji maabara. Uliza pia nani atalipa rigi, yaani lori la kuchimbia, ikija na kurudi bila kuchimba. Msimu wa mvua lori hilo huzama vibaya kwenye udongo mweusi wa Embakasi na Ruai, na mzozo wa siku hiyo haufai kuanzia langoni.

Kingine tunachosikia sana ni hiki: "Jirani alipata maji mita 120, nami nitayapata hapo." Huenda. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano iliyomwagika kwa awamu nyingi. Kati ya lava na lava kuna majivu yaliyogandamana na mashapo ya maziwa ya kale, na humo ndimo maji mengi yalimo. Juu yake kuna fonolaiti, jiwe gumu linalokula nyundo za kuchimbia. Upande wa Karen na Ngong miamba hii ni minene sana; ukielekea mashariki, Ruai hadi Athi River, inapungua unene. Visima vingi vya jijini huenda kati ya mita 150 na 300, na vingine hupita hapo. Tena visima vimeongezeka na kina cha maji kimeshuka kwa miaka mingi, kwa hiyo kisima cha jirani kilichochimbwa zamani kinakusimulia hali ya zamani.

Ndiyo maana utafiti wa ardhi huja kwanza. Mtaalamu wa haidrojiolojia, yaani wa maji ya chini ya ardhi, hupitisha umeme ardhini, hupima ukinzani wa matabaka, kisha huulinganisha na kumbukumbu za visima vya karibu. Ripoti yake hukuonyesha mahali penye nafasi nzuri zaidi na kina cha kutarajia. Haiahidi maji, na anayekuhakikishia lita kabla ya rigi kufika anakuuzia matumaini. Wanaotafuta maji kwa kutembea na kijiti cha panda wapo, na wateja wetu wengine huwaita hata baada ya utafiti. Hatugombani nao, ila ripoti ya kijiti haipokelewi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Hapo kwenye mamlaka wengi hushtuka. Hati ya shamba haikupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo unahitaji idhini kabla ya kuchimba, na kibali cha kutumia maji baada ya kisima kukamilika na ripoti yake kuwasilishwa. NEMA, mamlaka ya mazingira ya kitaifa, nayo huhusika kwa upande wake. Utawekewa mita ya kupimia maji, na utalipia kiasi unachovuta. Ukitaka kuwauzia majirani au kujaza maboza, taratibu zake ni nyingine. Tuambie mapema, maana hata ukubwa wa kisima utabadilika.

Sasa maji yamegongwa, matope yanaruka, kila mtu anapiga picha. Usinunue pampu siku hiyo. Maji yanayorushwa na kompresa ni ya kukadiria tu. Kipimo cha kweli ni kuvuta kwa pampu mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku kina cha maji kikiandikwa jinsi kinavyoshuka, kisha jinsi kinavyorudi pampu ikizimwa. Kutokana na hapo ndipo tunajua pampu iwe ya nguvu gani na ikae mita ya ngapi. Wateja hupenda pampu kubwa. Pampu inayovuta kuliko kisima kinavyojaza hukausha maji, huvuta mchanga na huungua, nawe ulikuwa umeinunua ghali.

Tena huenda huhitaji kisima kikubwa hivyo. Piga hesabu ya nyumba 40 za kupangisha, kila nyumba watu wanne, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 16,000. Kisima kinachotoa lita 2,000 kwa saa kitazitoa kwa saa nane, mradi uwe na matangi ya kutosha juu na chini. Tumeona watu wakiongeza mita 60 kutafuta maji zaidi wakati pesa hizo zingewanunulia tangi.

Suala la ubora tunalisema bila kuficha, hata likitupotezea kazi: maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi hapa hukipita. Mtoto akiyanywa miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajijenga, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki palepale na kuzidi ukali. Klorini huua vijidudu tu. Kinachoondoa floraidi ni mtambo wa kuchuja kwa utando, au kichujio cha mkaa wa mifupa kinachobadilishwa kwa wakati. Kwa nyumba za kupangisha ushauri wetu ni mabomba mawili: maji ya kisima kwa choo, kuoga na kufua, maji ya kampuni ya jiji, au yaliyochujwa, kwa jikoni. Weka mfumo huo wakati jengo bado linapanda, maana kupasua kuta baadaye ni gharama na kelele.

Mahali pa kisima pia hupangwa mapema kwenye ploti ndogo. Kiwe mbali na shimo la maji taka. Umbali unaotajwa sana ni mita 30 au zaidi, na sehemu ya juu lazima izibwe kwa simiti ili uchafu usiteremke kando ya kesingi. Rigi ni lori refu lenye mlingoti, kwa hiyo angalia upana wa lango na nyaya za stima zinazopita juu. Na usijenge juu ya kisima. Pampu itakuja kutolewa siku moja, bomba baada ya bomba, na winchi inahitaji anga tupu juu yake. Paa la kuegeshea magari lililojengwa hapo litang'olewa kwa gharama yako.

Kazi ikiisha, dai faili: utafiti, idhini, kumbukumbu ya matabaka yaliyopitiwa, mita za kesingi, matokeo ya kupima kwa pampu, na karatasi ya maabara. Fundi atakayeitwa baadaye bila hizo atakuwa anabahatisha. Mchimbaji akikuambia zimebaki ofisini, shikilia malipo ya mwisho mpaka zifike.