Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: waokota mawe wa Lindi tupewe pa kupeleka visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe)

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kwa niaba ya kikundi chetu cha wakazi wa Lindi, wazee kwa vijana, ambao siku za mapumziko hupita makorongoni tukiokota mawe na kuyatambua, bila nia ya kuyauza.

Habari za Tendaguru, kilima cha mkoa wetu kilichotoa mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa wa kale, unazijua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale zaidi ya tani 200 za mifupa hiyo, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na dinosaria aliyesimamishwa Berlin, yule tuitaye mjusi, ana kimo kinachozidi mita 13. Walioichimba walikuwa wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ambaye kila mtoto wa mkoa huu angestahili kulijua jina lake.

Kijana wetu mmoja alituletea kipande cha mfupa uliogeuka jiwe, kirefu kama kiganja, chenye vitundu kama vya sega la nyuki pale kilipovunjika. Alikuwa amekwisha kukisugua kwa brashi ya waya, na alipoulizwa amekitoa wapi alitaja makorongo matatu. Niliumia sana, kwa sababu tabaka la mwamba mfupa ulimolala ndilo linaloeleza umri wake, na tena huko Tendaguru tabaka za mifupa zimepishana na mchanga wa bahari wenye makombe, kiasi kwamba kosa la hatua chache hubadili habari yote. Tulikipeleka kwenye ofisi moja ya umma, tukaambiwa tukarudishe porini.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku, nasi hatuombi ilegezwe; kuchimba tumekwisha kukatazana wenyewe. Tunaomba afisa mmoja hapa Lindi mwenye daftari la kuandikisha nani kaona nini, wapi na lini, pamoja na picha iliyopigwa kabla jiwe halijaguswa. Tunaomba pia waraka wa Kiswahili chepesi unaoeleza jiwe gani mtu aweza kukaa nalo nyumbani na lipi ni mali ya taifa, maana wengi wanaficha kwa woga tu.

Kipande kile ninacho, nimekifunga kitambaa pamoja na karatasi yenye majina ya makorongo yale matatu. Nitakikabidhi siku yoyote nitakayoelekezwa pa kukipeleka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwokota mawe, Lindi