Anayeacha pombe asifungiwe chumbani, apelekwe hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia za hapa Tanga zinazohangaika na ndugu aliyeshindwa kuacha pombe.

Huku kwetu Makorora, kijana wa jirani alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi mpaka azimue. Wazee wake walipochoka, wakakubaliana wamfungie ndani hadi pombe imtoke. Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho mpaka shuka likalowa. Siku ya pili akawa anadonoa chandarua, anasema kina sisimizi, na mama yake mzazi anamwita shangazi. Usiku akashikwa na degedege. Watu wakasema kachezewa. Mjomba wake ndiye aliyeita bajaji wakamkimbiza hospitali, na alhamdulillahi akapona.

Hakuchezewa yule. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake unakuwa umeshazoea, na pombe ikikatwa ghafla unachachamaa. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, na kuweweseka kwa hatari huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Arosto, yaani mateso ya kukatiwa kilevi, ya heroini inatesa mno lakini ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Hospitali humpa mgonjwa diazepamu kwa kipimo, wakiipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Si mambo ya kujinunulia duka la dawa na kujipimia nyumbani.

Linaloniumiza zaidi ni kuchanganya tiba. Mji wetu umeteswa na heroini, kwa hiyo ikitajwa tiba ya uraibu watu wanafikiria methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Methadoni haitibu ulevi wa pombe, na ikikutana na pombe mwilini inaweza kumkata mtu pumzi. Pombe ina dawa zake. Naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, humsaidia mtu asirudie kunywa, zikienda pamoja na ushauri nasaha. Lakini naltreksoni haimfai anayetumia heroini au methadoni, ndiyo maana daktari aambiwe kila kitu. Ipo pia disulfiramu: ukinywa pombe juu yake moyo unakwenda mbio, unatapika, presha inashuka. Kina mama wenzangu, hizo "dawa za kuachisha pombe" zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme hatujui zina nini ndani. Tusimtilie mtu kwenye mchuzi kwa siri.

Soba hausi, zile nyumba za kuwarekebisha waraibu, nazithamini, zimerudisha vijana wengi majumbani. Ila kabla ya kulipa ada, ulizeni: mtu akianguka usiku wa manane, nani anamhudumia? Mkikuta wanafunga watu minyororo au kuwachapa, ondokeni na mtu wenu.

Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko, nasi tukashukuru. Sasa tunaomba nguvu ileile iende kwenye tiba: kila zahanati iwe na mhudumu wa kumuuliza mgonjwa habari za pombe bila kumsimanga, na dawa hizi zipatikane katika hospitali za wilaya na pale Bombo, hospitali yetu ya mkoa, kwa bei ambayo familia ya mvuvi itaimudu.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga