Kasuku aliyekatwa mabawa: tung'oe vishina, tupandikize, au tusubiri?

Kwako Daktari,

Baada ya salamu, tunakuandikia kutoka Mombasa kuhusu kasuku wa kijivu tuliyemchukua kwa watu walioshindwa kumtunza. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipo na daktari wa mifugo amekwisha kumwona, kwa hiyo tafadhali usitujibu kwamba tumpeleke hospitali au tumpe mboga. Linalotushinda ni manyoya ya kurukia.

Hali yake ni hii. Bawa la kulia limekatwa kwa mkasi manyoya yote kumi ya mbele, mkato mmoja ulionyooka, pamoja na sehemu kubwa ya yale yanayofuata. La kushoto limekatwa nusu. Vishina vilivyosalia vina sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye ngozi. Ncha zimepasuka na zinamchoma ubavuni kila anapokunja bawa. Mkia umebaki vijiti. Kifuani na mapajani amejinyonyoa hadi ngozi inaonekana, ila kichwa kimejaa manyoya, hakina dosari. Kichwa tunakitaja kwa makusudi: kasuku hawezi kukifikia kwa mdomo wake, kwa hiyo aliye mtupu kifuani na mzima kichwani mara nyingi anajinyonyoa mwenyewe. Angekuwa na kipara hadi utosini tungeshuku zaidi maradhi, au mwenzake anayemdonoa.

Hana pete mguuni. Huenda basi hakuzaliwa kizimbani bali alinaswa kwa ulimbo kwenye misitu ya Kongo, biashara ambayo imepigwa marufuku kimataifa tangu Januari 2017 na bado inaendelea kwa mlango wa nyuma. Ndege wa namna hiyo mkono wa mtu humtisha kuliko aliyelelewa na watu tangu kinda, na hilo linaingia katika kila uamuzi hapa chini.

Kipimo cha virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya, kwa damu na kwa unyoya, kimetoka safi. Kitarudiwa baada ya siku 90. Eksirei haikuonyesha kipande cha chuma tumboni. Alipoingia alikuwa na gramu 372, sasa ana 418. Hupimwa kila asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na akipungua asilimia kumi tutaihesabu kuwa dharura hata kama anaonekana mchangamfu. Kasuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie.

Sasa shida yenyewe. Kasuku kwa kawaida huanza kubadilisha manyoya ya kurukia katikati ya bawa, kwenye unyoya wa sita au jirani yake, kisha mabadiliko yanasambaa pande zote mbili. Kwa ndege mzima hakuna neno, maana unyoya mchanga huota katikati ya majirani walio imara, ukakingwa huku na huku. Kwa huyu unachomoza ukiwa na damu shinani, laini, mrefu kuliko vishina vyote, umesimama kama mgomba uliobaki peke yake wakati wa kusi. Akipiga bawa kwenye vyuma vya kizimba, au akianguka, unakatika. Na kuanguka ni lazima aanguke: kasuku mzito hivi, aliyekatwa bawa moja zaidi ya jingine, haelei hewani bali anaporomoka upande na kutua kwa mfupa wa kidari, na ngozi ya hapo hupasuka upesi. Unyoya ukikatika unatoka damu na kuuma, naye anautafuna mpaka autoe. Kitundu cha unyoya, yaani tundu la ngozini unamoota, kikijeruhiwa hivyo mara kwa mara hufa, na pale hapaoti tena.

Manyoya mawili machanga ya bawa la kulia yamekatika namna hiyo. Damu ilizuiwa kwa wanga wa mahindi na kubonyezwa kwa shashi dakika tano bila kuachia kuchungulia. Hayakung'olewa. Tunajua ushauri wa zamani ulikuwa kuchukua koleo na kung'oa papo hapo, lakini damu ikishakatika kung'oa kunaongeza jeraha ndani ya kitundu bila faida. Isipokatika ndipo tutakapokimbia: ndege wa gramu 400 ana damu ya mililita 40 hivi, na akipoteza zaidi ya mililita 4, chini ya kijiko kimoja cha chai, yuko kwenye hatari.

Kizimba kimebadilishwa kwa sababu hiyo. Vijiti vya kutulia viko sentimita 30 kutoka chini, vinene na vya magome ili kucha zishike, na sakafu ina godoro jembamba chini ya magazeti. Kile alichokuja nacho kilikuwa cha waya wa mabati wa banda la kuku wenye ungaunga mweupe kwenye viungio. Ungaunga huo ni zinki, sumu kwa ndege, na kasuku hupanda kwa mdomo.

Chakula: alilelewa kwa alizeti na mahindi makavu, yaani mafuta na wanga bila vitamini A na karibu bila kalsiamu. Ndiyo maana hata manyoya ambayo hayakukatwa yana mistari myembamba ya kupitisha mwanga, alama ya njaa au hofu wakati yakiota, na hukatikia kwenye mistari hiyo. Sasa anapata malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na sukuma wiki kutoka soko la Kongowea. Mchicha tunampa kidogo tu, kwa kuwa oksalati yake inafunga kalsiamu. Protini ni choroko zilizochipuzwa na yai la kuchemsha pamoja na ganda lake mara mbili kwa wiki. Mfupa wa dome, jamaa ya ngisi, unaookotwa ufuoni hulowekwa kwenye maji baridi siku kadhaa chumvi itoke, ukakaushwa juani, akaguguna. Karanga za sokoni hapewi kabisa. Kwa unyevu wa pwani sumukuvu ndani ya ganda huwezi kuiona. Parachichi, kahawa, chokoleti na vitunguu haviingii chumbani kwake, wala moshi wa dawa ya mbu.

Anaogeshwa kwa kunyunyiziwa maji vuguvugu asubuhi, bila sabuni, apate kukauka kabla ya jioni. Analala chumba chenye giza kuanzia magharibi hadi alfajiri. Makuti mabichi na maganda ya mahindi ya kurarua yamempunguzia kujinyonyoa kifuani, kiasi kwamba vinyoya laini vimeanza kurudi. Majirani wamesisitiza apakwe mafuta ya nazi kwenye ngozi. Hatukukubali, na kama kuna wasomaji wanaofanya hivyo, waache: mafuta hugandisha manyoya na vumbi lake la asili, ndege hupoteza joto, na kero ya kunata humfanya ajitafune zaidi.

Kwa hiyo kifua tunakiweza. Mabawa ndiyo tunaomba msaada, na tunaona njia tatu.

Kusubiri ndiyo rahisi, lakini kasuku mkubwa huchukua mwaka mmoja hadi miwili kubadilisha manyoya yote ya mabawa, na kila unyoya utapita kwenye hatari ileile tuliyoieleza.

Kung'oa vishina chini ya dawa ya usingizi huamsha kitundu kiote upya baada ya wiki chache. Ila manyoya haya yameshikana na mfupa. Akikosea mng'oaji huharibu kitundu au mfupa. Na yakiota kumi kwa pamoja, ndege aliyetoka kwenye utapiamlo atayajenga kwa akiba gani?

Kupandikiza ndiko kunakotuvutia. Unachukua unyoya ulioanguka kwa kasuku wa kijivu mwingine, wa bawa lilelile na nafasi ileile, unaupachika kwenye uwazi wa kishina kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa pembe tatu ili usizunguke, ukafunga kwa tone la gundi ya epoksi, huku karatasi imetandazwa chini yake gundi isishike unyoya wa jirani. Kishina hakina hisia kwa hiyo hakuna maumivu, na siku yake ya kupukutika itakapofika unyoya wa bandia huanguka nacho. Faida kubwa kwetu ni kwamba manyoya machanga yatapata majirani wa kuyakinga. Manyoya ya kupandikiza tumeahidiwa na mwenye kasuku aliyepimwa virusi; ya ndege asiyepimwa hatutayagusa, maana virusi hivyo hukaa kwenye vumbi la manyoya muda mrefu.

Maswali yetu basi: kwa ndege anayejinyonyoa kifuani na kutafuna vishina, atayaacha manyoya ya kupandikizwa, au atayachukulia kuwa kitu kigeni na kuyang'oa pamoja na kishina? Kola ya shingoni kwa siku chache za mwanzo itasaidia, au itamtia hofu mpya ndege ambaye tayari anaogopa mikono? Vishina vifupi vya sentimita tatu vinatosha kushika, au hivyo ving'olewe viwili viwili, sawa kwa kila bawa, wakati virefu vinapandikizwa chini ya usingizi uleule? Na damu ipimwe zinki kwanza, ingawa eksirei ni safi?

Daktari wetu yuko tayari kufanya kazi hiyo, lakini amesema wazi kwamba ameifanya kwa mwewe tu, si kwa kasuku. Anangoja jibu lako kabla ya kupanga siku.

Wako,
Walezi wa kasuku, Mombasa