Mdogo wangu, kitabu nilikifunga kwa sababu

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe hujibu, basi nakuandikia hapa. Ulimwambia mama kwamba nilikuaibisha mbele ya wenzako. Hilo silikubali.

Sura ile ya moyo ulikuwa umeisoma mara tatu, kila ukurasa umejaa mistari ya njano. Ukasema umeiva. Nikafunga kitabu nikakuuliza damu ikitoka kwenye mapafu huingia chumba gani. Ukanyamaza, wenzako wakakutazama, ukanyanyuka ukaondoka. Ule ukimya ndio ulionitia uchungu, si hasira zako. Bora ukupate mezani kuliko kwenye chumba cha mtihani.

Ukisoma ukurasa uleule mara nyingi, macho huuzoea, na mazoea hayo hukudanganya kwamba umeujua. Mtihani haukuletei ukurasa uutambue. Unakutaka ulitoe jibu kichwani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha majaribio juu ya jambo hilihili. Walipopima baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima bila kuangalia maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo usiniambie kwamba usiku ule ulikuwa unajua. Ulikuwa ndani ya zile dakika 5.

Fanya hivi. Soma kurasa mbili au tatu, funga kitabu, chukua karatasi tupu uandike kila unachokumbuka kwa dakika 10. Ukikwama usichungulie upesi. Kule kuhangaika kulitafuta jibu ndiko kunakolikaza. Kisha fungua, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Hapo usifanye uvivu, maana kosa lisilosahihishwa nalo hukaririwa. Yaliyoandikwa kwa rangi ya pili ndiyo kazi ya kesho.

Naam, kesho, si usiku huohuo mara nne. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba mengi husahaulika ndani ya saa ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Rudia kesho, tena siku ya tatu, baada ya wiki, halafu baada ya wiki mbili au tatu. Utahisi umesahau kidogo kila unaporudi. Usikate tamaa, mdogo wangu. Hali hiyo ndiyo inayotakiwa.

Kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili zitakusaidia kupanga marudio hayo. Tenga visanduku vitano. Kadi zote zianzie cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa kadi inasogea mbele, ambako hupitiwa kwa nadra zaidi, na ukikosea inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika cha tano. Mbinu hii aliieneza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Zako niliziona: umejaza aya nzima kwenye kadi moja. Ukikumbuka nusu utajipa alama yote. Swali moja, jibu moja, na jibu ulitamke kabla ya kugeuza.

Vifupisho unavyovipenda sivikatai. PMAT inatosha kukumbusha mpangilio wa hatua za kugawanyika kwa seli: profasi, metafasi, anafasi na telofasi. Lakini kifupisho hakikuelezi kinachotokea katika kila hatua. Penye sababu, shika sababu: ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, ina ukuta mnene kuliko ya kulia kwa kuwa husukuma damu mwili mzima, ilhali ya kulia huifikisha kwenye mapafu tu. Ukilielewa hilo, huwezi kuziweka pande hizo kinyume. Na damu ya mapafuni huingia atiria ya kushoto, chumba cha juu. Ungelijibu, maana una akili. Ulichokosa ni zoezi, na ndiyo sababu nakasirika ukisema nilitaka kukudharau.

Hesabu uzichanganye. Maswali 20 ya aina moja yakifuatana, unaacha kujiuliza ni kanuni ipi inafaa, na mtihani huanzia hapo hasa.

Usiku wa kuamkia mtihani pitia zile kadi zinazokusumbua, ulale mapema. Usingizi ndio unaoimarisha uliyojifunza mchana, na ukikesha, asubuhi utasoma swali mara mbili bila kulielewa. Kama huna nafasi ya kufanya yote haya, shika karatasi tupu na kurudia kesho yake, mengine yasubiri.